Kidole Kilichokataa Kuhama

Nikingojea muhuri kwa hasira katika ofisi moja ya mtaa wa Kimihurura, nilimwona dada mpiga chapa akijaribu programu yake ya kwanza ya hesabu kwenye kompyuta. Ikishindwa, anarudishwa kwenye taipureta.

Saba na nane ikatoa kumi na tano. Kumi na mbili kujumlisha tatu ikatoa tatu!

"Madamu, hata mtoto wangu anajua hiyo," shefu, mkuu wa ofisi, akacheka.

"Ngoja, shefu." Akachapa tena polepole, akikitazama kidole. "Ee! Taipureta yetu haina kitufe cha moja, tunapiga herufi l. Na hapa nimepiga l! Kompyuta imeona herufi, ikaihesabu namba yote sifuri."

Akabonyeza moja yenyewe. Kumi na tano!

"Sasa mlete huyo mtoto wako, shefu."

Nikapiga makofi. Programu ilikuwa safi tangu mwanzo. Kidole ndicho kilichobaki kwenye taipureta.