Aliyenisemea

Doha nilikuwa mtu siku ya Ijumaa tu. Siku nyingine zote nilikuwa yunifomu. Mimi na mwenzangu tulilinda jengo moja la ghorofa pale The Pearl, yeye mlango wa mbele, mimi maegesho ya chini ambako magari ya matajiri hulala kwenye baridi nzuri ya kiyoyozi kuliko sisi. Jioni basi la kampuni liliturudisha Al Sadd, kwenye jumba kuukuu nyuma ya mtaa wa maduka. Kitanda chetu kilikuwa cha ghorofa. Yeye alilala juu kwa sababu alikuwa mwembamba. Mimi nikipanda huko, chuma kinalia hadi chumba cha jirani.

Yeye ni mtu wa Mombasa, mimi ni Mtaita. Ukitoka Mombasa kwenda Nairobi lazima upite kwetu, kwa hiyo tulihesabiana majirani kabla hata hatujajuana vizuri. Ugenini watu hushikana kwa vitu vidogo hivyo.

Kiangazi cha kule sitakisimulia, maana asiyekionja ataniita mwongo. Lakini Oktoba ikishaingia, na hasa Novemba, upepo unabadilika. Kwetu Taita wakati huo ni vuli, matope hadi magotini na mama zetu wako shambani. Doha vuli yao haina tone la mvua, ila joto linalegea na mtaa mzima unatoka nje kwa pamoja. Wahindi wanacheza kriketi kwenye uwanja wa kuegesha magari. Wanepali wanajaza vipande vya majani kando ya barabara, kila mmoja na simu yake, anaongea na kwao. Kinyozi wetu alikuwa anatoa kiti nje na kunyolea watu hapo hapo, mpaka polisi apite.

Ijumaa hizo yeye alikuwa anatoka msikitini, mimi natoka kanisani, kwa sababu makanisa ya kule nayo husali Ijumaa. Mwanzoni niliona vibaya, nikahisi namdhulumu Mungu Jumapili yake. Baadaye nikazoea. Tulikutana kwenye kibanda cha chai ya karaki, ile ya maziwa mengi na iliki. Vibanda hivi vina tabia moja ya ajabu: mwenye gari anapiga honi tu, chai inamfuata dirishani. Sisi wa miguu tunasimama pale hadi tuote mizizi. Basi mwenzangu akawa anapiga honi kwa mdomo. Alisimama katikati ya magari, mashavu yamefura, anapuliza honi kama ya lori la kwenda Malaba. Mpaka yule mhudumu akawa akituona tu anacheka na kuleta vikombe viwili. Niseme ukweli, nilimpenda sana yule mtu.

Tukishapata chai, nampigia mama. Nikimaliza, yeye ananipokonya simu. "Shikamoo mama, huyu mwanao wa pili hapa, anakuletea malalamiko, ndugu yangu anakoroma." Mama anacheka. Alimzoea hadi akawa anamuuliza hali kabla ya kuniuliza mimi.

Macho ya mama yalikuwa yanakufa. Daktari wa Voi alimwambia ni presha ya macho, kilichokwenda hakirudi, na kilichobaki kinakwenda polepole. Mama hakulia wala hakuomba pesa za hospitali. Aliniambia jambo moja tu: "Njoo nikuone kabla hapajafungwa." Nilikuwa sijaenda nyumbani tangu nilipotua Qatar. Nikamwambia, Disemba nakuja. Akaniuliza kama ni kweli. Nikamwambia kweli, mama.

Sasa likizo yetu ilikuwa na utaratibu wake. Walinzi wawili wa jengo moja hawawezi kuondoka pamoja, na supavaiza wetu, Mmisri mmoja mnene mwenye haraka siku zote, hakutaka kusumbuliwa na nani atangulie. Mlikubaliana wenyewe, kisha mnaenda wote wawili mbele yake, mmoja anasema, mwingine anaitikia, imekwisha. Na kila mtu pale kazini alijua siri yake: ukimwendea na Kiingereza anakuwa bosi, ukimwendea na Kiarabu analegea, anakuwa mjomba. Mimi Kiarabu changu kilikuwa cha kusalimia na kununua mkate. Mwenzangu alisoma chuo cha Kurani utotoni, na miaka ya Ghuba ikamalizia. Anaongea mpaka anatania.

Tulikubaliana tukiwa hapo hapo kwenye chai. "Wewe nenda Disemba ukamwone mama," akasema. "Mimi nitaenda baada ya Ramadhani. Mke wangu amengoja mengi, atangoja na hilo." Nikamuuliza kama ana uhakika. "Wallahi," akasema. "Na nitakusemea mimi kwa yule mzee, wewe usifungue mdomo, utatuharibia."

Tukaenda. Supavaiza alikuwa kwenye gari lake nje ya jengo, kioo kimeshuka. Mwenzangu akainama dirishani, akaanza Kiarabu chake kitamu. Mmisri akacheka mara mbili. Nikasikia neno Disemba, nikafurahi. Kisha Mmisri akanyoosha shingo, akanitazama mimi, akasema maneno mengi kidogo na kumalizia kwa lile neno ambalo hata mimi nalijua: "Tamam?" Kwamba sawa? Nikamwitikia kwa moyo wangu wote. "Tamam, tamam." Hata nikaweka mkono kifuani kumshukuru.

Ijumaa zilizofuata zilikuwa nzuri kuliko zote nilizoishi kule. Mtu anayekwenda nyumbani haendi mikono mitupu, na anabeba pia vya wenzake. Kwa hiyo mwenzangu akaniomba nimsaidie kununua vitu vya familia yake, "utanipelekea, si unapita Mombasa?" Nikamwambia nitashukia Mombasa kwanza, nifikishe mzigo, kisha nipande kwenda kwetu. Tulizunguka maduka ya Al Sadd mpaka miguu ikawaka. Hana jicho la nguo hata kidogo, mimi ndimi niliyemchagulia. Nilimchagulia mke wake dera la kijani, nikakataa lile la zambarau. Viatu vya binti yake nilivipinda kwa mikono yangu kuona kama soli itapasuka. Nilibishana na muuza manukato wa Kipakistani mpaka akatuongezea udi wa bure. Alipotaka kununua sanduku jekundu nikamwambia achukue jeusi, halionyeshi uchafu wa uwanja wa ndege. Akanisikiliza. Alikuwa ananisikiliza kwa kila kitu, na macho yake hayakuwa yananitazama sana, lakini hilo ninaliona leo.

Wiki ya mwisho ya Novemba, supavaiza akaja maegesho na kijana mpya wa Uganda. Akaniambia kwa Kiingereza chake cha kuamuru: huyu mfundishe, mwezi ujao utakuwa naye, rafiki yako anakwenda. Nikamwambia umekosea, bosi, anayekwenda ni mimi. Akanikunjia uso. "Nilikuuliza wewe mwenyewe. Nilikuuliza kama unakubali rafiki yako atangulie kwa sababu ya mke wake. Ukasema tamam. Ukasema mara mbili." Kisha akaingia garini, na yule Mganda akabaki ananitazama akingoja afundishwe.

Nikamfundisha. Nilimwonyesha vizuizi vinavyoinuka, nikamwonyesha magari yanayopita bila kuulizwa. Hapo juu yangu, ghorofa moja tu, yule mtu alikuwa amekaa kwenye baridi anafungulia watu mlango na kuwaambia asalaam aleikum.

Sikumsemesha ndani ya basi. Nilingoja tufike jikoni, jiko letu la pamoja lisilo na dirisha, alipokuwa anakata vitunguu. Nikamuuliza, "Ulimwambia nini Mmisri?"

Hakujifanya haelewi, hilo namsifu. Akaweka kisu. "Mke wangu amesema nisipokuja Disemba hii nisije tena. Wazee wake wamekwisha kukaa kikao. Nyumba yangu inavunjika, ndugu yangu."

"Ungeniomba."

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo. Kwani kuomba ni nini? Unaomba, mtu anakubali au anakataa. Wewe umenipeleka mbele ya mtu niitikie mwenyewe, nikiweka mkono kifuani kama bwege."

Akasema alikuwa anatafuta siku ya kuniambia, kila Ijumaa alikuwa anasema leo, kisha ananiona nimefurahi, anashindwa. Nikamuuliza, na dera? Viatu? Ulinitembeza Al Sadd nzima nikichagua mizigo utakayobeba wewe, nikamwambia, na ukaniacha nichague. Hapo ndipo nilipoumia zaidi kuliko pale kwa Mmisri. Mtu akikuzunguka mara moja kwa sababu amebanwa, unaweza kumtafutia udhuru. Lakini kuendelea kunywa chai na mimi, kuendelea kupiga honi kwa mdomo, na mimi nacheka? Vitunguu vilimaliza kazi yake machoni mwangu, akadhani nalia, akataka kunishika bega. Nikautoa mkono wake.

Nilimwomba dada yangu amweleze mama kwamba Disemba imeshindikana. Mimi mwenyewe sikuweza kuyatamka hayo. Dada akasema atamwambia taratibu, siku mama akiwa na nguvu.

Na bado nilimpa mzigo. Watu waliniuliza kwa nini. Kwa sababu blanketi la mama nilikuwa nimekwisha kulinunua, lile zito la manyoya, na hakukuwa na mtu mwingine wa njia ile. Yeye mwenyewe ndiye aliyeniomba. "Niachie angalau nimpelekee mama, nitafika hadi mlangoni." Nikaliweka blanketi juu ya sanduku jeusi. Siku ya kuondoka kwake, nusu ya jumba letu ilimsindikiza uwanja wa ndege, kama ilivyo desturi. Mimi nilifua nguo.

Ijumaa iliyofuata nilikwenda kwenye kibanda cha chai peke yangu. Hali ya hewa ilikuwa nzuri kupita kiasi, watoto wa Kifilipino wanaendesha baiskeli kandoni mwa barabara, kila mtu amevaa sweta la fahari. Dada akanipigia. Sauti yake ilikuwa chini chini, kama yuko nyuma ya nyumba.

"Rafiki yako alifika jana," akasema. "Mimi nilikuwa sokoni. Nisamehe, nilikuwa bado sijamwambia mama kuwa huji. Nilikuwa nangoja."

Nikamwambia aendelee.

Mama alisikia gari, akasikia mtu anashusha mzigo na kusema shikamoo mama, kwa sauti aliyoizoea kwenye simu yangu, simu ile ile, Ijumaa zote zile. Akatoka mbio hadi kwenye kivuli cha yule mtu, akamshika mashavu kwa mikono miwili, akamwita jina langu la utotoni. Na yeye akaitika.

"Niliporudi walikuwa wamekaa," dada akasema. "Mama amemshika mkono haachii. Nikafungua kinywa niseme, akanitikisia kichwa. Mama alimchinjia kuku. Akala, akasema kazi inamwita, akaondoka kabla ya jua kuchwa. Nilimfuata hadi barabarani nikamwuliza unafanya nini wewe. Akasema hakutaka kumvunja mama moyo. Alikuwa analia, lakini alifanya."

Sikujua hasira niiweke wapi. Likizo nilikuwa nimekwisha kuizika, likizo huja nyingine. Hili sikuwa na pa kulizika. Nilimchukia kuliko nilivyowahi kumchukia mtu, na nilijua kwamba mama alikuwa na furaha, na vyote viwili vilikaa ndani yangu bila kusogeleana. Nikamwambia dada anipe mama. Nilikuwa nimeamua. Nitamwambia hakuwa mimi, nitakuja mwezi wa nne, ningoje.

Mama akashika simu. Sauti yake ilikuwa na nguvu kuliko nilivyoisikia mwaka mzima.

"Ulifika salama?" akaniuliza. "Ndege haikuchelewa?"

Nikasema, "Mama."

"Umekonda, mwanangu. Nilikushika mashavu nikasema, huyu hawampi chakula. Lakini nimekuona. Vyovyote nilivyokuona, nimekuona. Sasa hata pakifungwa, mimi nimetulia." Kisha akashusha sauti, dada asisikie. "Usihangaike tena na nauli. Fanya kazi yako. Nilikuwa nakusumbua kwa sababu nilikuwa sijakuona."

Nilikuwa na maneno tayari mdomoni. Mhudumu alinipita na sinia, akaniangalia, akaweka vikombe viwili mbele yangu kwa mazoea.

"Na kuku ulimla nusu tu," mama akasema. "Alikuwa mgumu?"

"Hapana, mama," nikasema. "Alikuwa mtamu sana."