Namba Sabini na Nne Hakulewa

Msimamizi wa zamu alikuwa na sauti ya tarumbeta, na asubuhi ile hakuibania. "Namba sabini na nne!" alisoma mbele ya mistari ya wafanyakazi mia mbili wa kiwanda cha soda. "Ameachishwa kazi kwa ulevi."

Namba sabini na nne alikuwa fundi wa mashine ya kufunga vizibo, na ndiyo maana wenzake walimwita Fundi Vizibo. Alisimama amejikunja, mkono tumboni. Jana yake alianguka kwa maumivu yaliyotoboa kutoka chembe ya moyo hadi mgongoni. Tabibu wa kiwanda alimbonyeza tumbo, akamdunga sindano ya maumivu, kisha akaandika mstari mmoja: kongosho limevimba, chanzo pombe. Hakumpima damu. Hakumuuliza hata neno.

Na mtu huyu hakuwahi kuonja pombe. Baba yake aliishia mtaroni, chupa mkononi, watoto wa mtaa wakimwimbia. Mwana akala kiapo angali mdogo, na kiapo hicho ndicho kilikuwa mali yake pekee ambayo hakuna aliyeweza kumnyang'anya. Kumbe msimamizi aliweza, tena kwa neno moja.

Hakufika mbali. Alianguka getini akitapika, na mlinzi akamkimbiza hospitali kubwa.

"Baba, ulikunywa lini mara ya mwisho?" muuguzi alimuuliza.

"Sinywi."

"Wagonjwa wote wa kongosho husema hivyo."

Mkewe, aliyeketi kando ya kitanda, akainamisha macho. Fundi Vizibo alipoyaona macho yale yakiinama, maumivu ya tumbo yalikuwa mchezo.

Jioni daktari alikuja na kichupa cha damu. Damu ilikuwa imetulia, na juu yake palielea utando mzito, mweupe kama maziwa.

"Mama, sogea uone," alimwambia mke. "Haya ni mafuta ya damu, trigliseridi. Hayatakiwi kuzidi mia moja na hamsini. Ya mumeo ni elfu mbili na mia tatu. Yakipita elfu moja, kongosho laweza kuwaka moto bila tone la pombe." Akamgeukia mgonjwa. "Kazini unakunywa nini?"

Akaeleza. Chupa ambazo mashine ilizijaza pungufu haziuzwi. Zilipangwa kwenye kreti kando ya mashine, na mfanyakazi alikunywa apendavyo. Maji hayakuwepo, bomba lilikuwa nje, ng'ambo ya ua.

"Chupa ngapi kwa siku?"

"Saba. Wakati wa joto, nane."

"Kwa miaka mingapi?"

"Kumi na mmoja."

Daktari aliweka kalamu chini. "Ini lako limekuwa likiigeuza sukari hiyo kuwa mafuta. Huenda na urithi umo. Watoto na ndugu zako wapimwe. Pombe nayo huyapandisha, ndiyo maana tabibu mvivu huishia hapo."

"Baba watoto," mkewe alinong'ona, "nisamehe."

"Wewe nimekusamehe," akajibu. "Wao, ng'o!"

Walimnyima chakula siku kadhaa, maji yakiingia kwa mshipa, mpaka kongosho likapoa. Alipotoka alipewa vidonge vya kila siku na masharti: soda na sukari basi, mafuta kidogo, unga mweupe kwa kiasi, na kutembea kila siku. Akaonywa kwamba mafuta hayo yakiachwa huuandama moyo na mishipa pia.

"Daktari, niandikie," alisema mlangoni.

"Cheti cha mapumziko?"

"Hapana. Niandikie kwamba sikulewa."

Barua ile aliikunja ndani ya mfuko wa plastiki, akaanza kutembea. Wengine hutembea kwa ajili ya afya. Yeye alitembea kwa hasira, kutoka nyumbani hadi ofisi ya kazi na kurudi, kila juma, kwa miezi saba. Makarani walichoka naye kabla yeye hajachoka nao. Mafuta yakashuka hadi mia moja na arobaini. Hasira haikushuka hata nukta.

Ofisi ya kazi ikaamua arudishwe. Meneja akamwita chumbani, akamkaribisha kiti. "Fundi, sisi ni familia. Tuyamalize kimya kimya."

"Hamkunitukana kimya kimya."

"Unataka nini basi?"

"Kilichosomwa mistarini kifutwe mistarini, na msomaji awe yule yule. Na kreti ile iondoke, bomba la maji lije mahali pake."

"Zile soda ni wema wetu kwenu!"

"Wema wenu ulitaka kuniua, mkubwa. Kisha mkanivisha ulevi wa baba yangu."

Kesho yake msimamizi alisimama na karatasi. Tarumbeta ilikuwa imeziba. Alisoma kama mtu anayetafuna kokoto.

"Sauti, mkubwa!" Fundi Vizibo alipaza kutoka mstari wa mbele. "Siku ile ilifika mpaka getini."

Mlinzi akachungulia kutoka getini, mkono sikioni. Watu wakaangua kicheko. Msimamizi akasoma upya: namba sabini na nne hakulewa, aliugua, tabibu alikosea, kiwanda kinaomba radhi.

Baadaye alimfuata kwenye mashine, mahali kreti ilipokuwa, na ambapo sasa fundi bomba alikuwa akikaza koki mpya. "Umeridhika sasa?"

"Bado."

Nami sioni kwa nini angeridhika upesi. Aliyevuliwa nguo hadharani havishwi kwa siku moja. Tangu hapo, kila asubuhi, msimamizi lazima aite namba zote, na kila asubuhi mistari hutega sikio akikaribia namba moja.

"Sabini na nne."

"Nipo, mkubwa. Sijalewa."

Siku moja alijaribu kuiruka namba hiyo. Watu mia mbili walimkumbusha kwa sauti moja.