Siku Kamanda Alipotufungia Chumbani, Mimi na Mama Mkwe

Kuna aibu ambazo mtu huzicheka baada ya wiki moja, na kuna hii yangu, ambayo mpaka leo nikisikia mtu akitaja Kanyakine nainamisha kichwa najifanya nafunga kamba za viatu. Nitawasimulia, lakini mtu asinikatize katikati kuniambia "Nyaga, si ungefanya hivi," kwa sababu hayo yote nimeshajiambia, na mke wangu ameshaniambia, na bado anaendelea kuniambia.

Mimi ni mtu wa Kibugu. Ofisi iko Embu mjini lakini nyumba yangu iko huku juu katikati ya majani chai, na mwaka juzi wezi walikuja wakabeba kuku wote, hata yule aliyekuwa ameatamia mayai (na mayai pia), ndipo nikaamua kwamba sitaki tena hizi mbwa zetu za kubweka halafu zikimbie kabla ya mwenyewe, nataka mbwa kamili. Nikaleta pitbull. Alikuja akiwa mdogo wa kubebwa kwenye mfuko wa koti, na mke wangu Kendi akamtazama akaniuliza, "Umetuletea panya?" Nikamwita Kamanda.

Sasa, Kamanda alikua. Alikua kichwa, akakua kifua, akakua shingo mpaka mkanda wa kwanza ukakatika, lakini roho ilibaki ile ile ya mtoto wa nasari. Anaogopa radi. Anaogopa jogoo wa jirani. Binti yetu Makena, ambaye bado hajaanza darasa la kwanza, humvalisha kitambaa cha kichwa cha mamake na kumnyonyesha chupa, naye analala chali miguu juu. Mchana alikuwa wa Makena, na usiku (hii ilikuwa siri ya nyumba) alikuwa anapanda kitanda chetu na kulala miguuni pangu, kwa sababu huku Kibugu baridi haina huruma na mbwa huyu hana manyoya ya maana.

Mbwa kwetu hafundishwi, mnajua. Anapewa makombo, mchana anafungwa, usiku anafunguliwa, hiyo ndiyo shule yake. Mimi nikaanza kumtembeza kwa mnyororo jioni kwenye njia ya majani chai, na akina mama wakitoka kupeleka majani kituoni na vikapu mgongoni wakasimama kunitazama, mmoja akaniuliza, "Nyaga, huyo ndama unampeleka soko gani?" Nilivumilia. Nilikuwa nimetazama video za mafunzo kwenye simu, na video zilisema mbwa wa aina hii akilelewa vizuri ni mbwa wa familia, achanjwe, atembezwe, azoeshwe watu, na afundishwe kwa zawadi ya kitu anachopenda sana. Nikajaribu mapafu, akala na asifanye kazi. Nikajaribu ini, hivyo hivyo. Halafu jioni moja tukapita nje ya bucha, mutura iko juu ya makaa inatoa moshi, ule utumbo uliojazwa nyama na damu ambao nyinyi nyote mnaujua, na Kamanda akaketi chini bila kuambiwa na mtu, mkia umenyooka, macho kama ya mtu aliye kanisani.

Basi mutura ikawa mwalimu. Kwa mutura alijifunza "kaa," akajifunza "njoo," na zaidi ya yote akajifunza "linda." Ukimwambia linda, analala mbele ya mlango, na mtu haingii wala hatoki mpaka mimi niseme "basi" na nimpe kipande. Nilimfundisha kwa mlango wa nyumba ya kuku na hajawahi kukosea. Hizo amri nyingine, akipenda anatii, asipopenda anakutazama tu. Video ilisema baadaye unapunguza zawadi polepole mpaka mbwa atii neno tupu. Hapo ndipo bando iliisha, na sikurudi kumalizia.

Sasa mama mkwe. Mamake Kendi ni mama wa kuheshimika huko Kanyakine, upande wa Meru, mwenyekiti wa kina mama wa kanisa lao, na ni kanisa lisilotaka mchezo: pombe hapana, ugoro hapana, na damu ya mnyama hailiwi kabisa kwa vile imeandikwa. Kwenye harusi yetu alisimama akawafundisha kina mama wa Embu kuhusu mutura mpaka wazee wakaacha kutafuna. Na kwa wale ambao hamjaoa upande wetu wa mlima, heshima ya mkwe ni kitu kikubwa. Mnasalimiana kwa mbali, hamkai kiti kimoja, hamtazamani sana machoni, na chumba anacholala mkwe wako, hapo hata ukipita mlangoni unageuza uso. Miaka yote hiyo sikuwa nimewahi kukaribiana na mama huyu.

Mtu akampelekea habari za Kamanda. Mama akampigia Kendi simu, nami nikasikia yote kwa sababu yeye akipiga simu hahitaji simu: "Nasikia mnamlaza mjukuu wangu na simba! Nakuja Jumamosi. Nikikuta hiyo mnyama hapo, narudi na Makena Kanyakine, mpaka siku mtapata akili."

Kendi akalia kidogo, akasema kwamba mamake hatishi bure, alishawahi kumchukua mtoto wa dadake Kendi akakaa naye mpaka akamaliza shule ya msingi. Tukakubaliana kwamba Jumamosi asubuhi nampeleka Kamanda kwa jirani yetu kule bondeni, anashinda huko, na mama akifika anaambiwa tulimpeana. Mimi nikaapa.

Jumamosi kukanyesha. Njia ya bondeni ikawa utelezi, na shati yangu nyeupe ilikuwa imepigwa pasi, na (wacha niseme ukweli, hata kama Kendi yuko karibu) ndani ya moyo nilikuwa nafikiri, kwani mama akiona vile huyu mbwa amefundishwa si atabadilisha mawazo yeye mwenyewe? Kwa hivyo nikamfungia Kamanda kwenye bafu ya mabati huko nyuma, nikafunga mlango kwa waya, nikamwambia Kendi, "Ameenda." Hapo ndipo mambo yote yalianzia, kwa waya.

Wageni wakafika kwa pikapu ya kukodi, mama na kina mama wenzake wa kanisa, na ndizi, na mtungi wa uji. Kendi alikuwa jikoni nje na Makena anamfuata nyuma. Mama akaketi kwenye kiti kilicho mbali na changu, kiondo chake amekishikilia mapajani, hata alipoombwa apokewe akakataa. Nikafikiri ndani ni Biblia. Akasema tuanze kwa maombi. Mnajua maombi ya mtu aliyekuja na hasira: alimwombea mjukuu, akamwombea binti yake, akaanza kuombea vichwa vya wanaume wanaoleta wanyama wa mwituni ndani ya nyumba, na mimi nimefumba macho nasema amina, amina, ndipo nikasikia huko nyuma mabati yakisema kwaaa.

Nikajua. Lakini huwezi kufumbua macho katikati ya maombi ya mama mkwe!

Kamanda aliingia polepole, bila kubweka, akiwa amelowa. Akapita kina mama wote, akapita miguu yangu mimi niliyemlea, akaenda moja kwa moja kwa mama, akaketi, akaweka kile kichwa chake chote juu ya kiondo. Mama akasema "amina," akafumbua macho.

Wacha tu. Vile mama alipiga nduru, hiyo sauti ilisikika mpaka msituni. Kina mama wakatoka kwa mlango mmoja wote kwa pamoja, mtungi wa uji ukaenda chini, wakapanda nyuma ya pikapu na kuanza kukemea mapepo. Mama naye, kwa vile mlango wa nje umejaa watu, akakimbilia mlango uliokuwa karibu, Kamanda nyuma yake, mimi nyuma ya Kamanda. Nikamkuta mama kwenye kona ameinua kiondo juu ya kichwa na Kamanda anaruka kukifikia, anafurahi, mkia unapiga kabati. Nikamshika mkanda, nikamsukuma nje ya mlango kwa goti, na kwa ile hofu ikanitoka amri pekee ambayo najua hatakosea: "Linda!" Kisha nikafunga mlango kwa nguvu.

Halafu nikatulia, nikapumua, na nikaona niko upande gani.

Jameni, kilikuwa chumba chetu cha kulala. Kitanda hakijatandikwa. Chupi yangu iliyotoboka iko juu ya mlango wa kabati kama bendera. Na pale miguuni kwenye blanketi, manyoya ya mbwa, na alama ya mwili wa mbwa, unaweza hata kuona mahali kichwa hulala. Mama aliona yote kwa mara moja. Akageuka akatazama dirisha, mimi nikageuka nikatazama ukuta, mgongo wangu kwa wake, na dirisha letu lina vyuma vya kuzuia wezi.

Nikafungua mlango kidogo. Kamanda akanguruma, ule mngurumo niliomfundisha mwenyewe. "Basi, Kamanda. Basi!" Akanitazama mikononi, akaona hakuna kitu, akanguruma tena. Nikafunga.

Kendi akaja mbio na mwiko mkononi. "Baba Makena! Uko wapi? Si ulisema ameenda?"

"Niko huku."

"Huku wapi?"

"Chumbani."

"Na mama?"

Hapo mama akakohoa, na kile kikohozi kilijibu. Nikasikia mwiko ukianguka. Kule kwenye pikapu mtu akauliza, "Ati wako wapi?" mwingine akamwambia, na wa tatu akasema, "Wawili? Ndani ya chumba? Shindwe!"

Kendi akajaribu kila kitu. Alimrushia chapati, akakataa. Akamrushia paja zima la kuku wa wageni, akaligeuzia uso (mnaona vile nilimfundisha?). Nikamwambia kupitia mlangoni atume mtu bucha alete mutura, akanijibu kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia, "Mutura ya saa hii inatoka wapi? Si wanaanza kuchoma jioni?" Ilikuwa ni adhuhuri. Nikahesabu kichwani mpaka jioni, mimi na mama mkwe na hiyo chupi.

Tukakaa hivyo. Nilisikia mvua, nikasikia kina mama wakianza wimbo. Nilitamani mama anitukane tu. Nilimfikiria Makena akipanda hiyo pikapu na kiatu kimoja, maana kingine huwa hakionekani, na nilimchukia kila mtu aliyewahi kurekodi video ya mbwa.

Ndipo mama akasafisha koo.

"Atiriri, nisikilize, Baba Makena."

"Ndiyo, Mama."

"Usigeuke."

Nikasikia kiondo kikifunguliwa. Nikasikia karatasi, gazeti, ikikunjuliwa polepole kama mtu hataki isikike, halafu harufu ikafika, na hata kama imelala usiku mzima hiyo harufu haina mfano. Mkono ukaja kwa nyuma ukanigusa kiwiko.

"Mama, hii ni..."

"Nimesema usigeuke. Na usiulize."

Ilikuwa imekatwa vizuri, vipande vya mtu anayejua, na chumvi yake pembeni kwenye karatasi ya nailoni. Kipande cha kwanza kilikuwa kimeumwa. Nikafungua mlango, nikasema "basi," nikarusha. Kamanda akala, akasimama, akatikisa mkia, akaenda kumtafuta Makena kana kwamba hakuna kitu kilichotendeka.

Mama akatoka mbele. Kina mama pale juu ya pikapu wakakata wimbo, wanamtazama yeye, wananitazama mimi, hakuna anayejua aanzie wapi, na Kendi amemshika Makena mkono kwa nguvu. Mama akapanga kitambaa chake kichwani.

"Mbwa hana neno," akasema. "Ni mbwa wa adabu. Mimi nimemwombea na akasikia. Mtoto atabaki na wazazi wake. Lakini huyu," akaninyooshea kidole bila kunitazama, "ataleta ndurume Kanyakine, kondoo dume mzima asiye na kilema, kwa mambo yaliyofanyika hapa. Na hiyo si ushenzi, ni heshima."

Nani angebisha? Nililipa ndurume. Nilimpeleka mwenyewe kwa gari la kukodi, nikasimama mbele ya wazee wa Kanyakine wakiniuliza ilikuwaje mtu mzima akajifungia chumbani na mama mkwe, nami nikasema ni mbwa, wakasema wanaume wa Embu wana visingizio. Mama alikuwa hapo, anamimina chai, na uso wake haukubadilika hata kidogo. Sikusema kitu. Sijawahi kusema kitu mpaka leo hii, na nyinyi pia hamjasikia.

Sasa anatutembelea kila mara, yeye ambaye hapo zamani alikuja kwa ugomvi tu. Anapitia nyuma ya nyumba kwanza, na kiondo, kumsalimia mbwa. Juzi nilichungulia kupitia dirisha la jikoni nikawaona: alisema neno moja la Kimeru, kwa sauti ya chini, Kamanda akaketi. Akasema lingine, akalala. La tatu, akanyoosha mguu akasalimia, kitu ambacho mimi sijawahi kumfundisha. Kipande chake, kipande cha mama, kipande chake, kipande cha mama. Nikatoka nikajaribu, "Kamanda, njoo!" Hakugeuza hata sikio.

Kwa hivyo mimi nimeapa: sitawahi tena kumfundisha mnyama kwa mutura, na video nikiianza nitaimaliza, hata kama ni kukopa bando. Lakini nimechelewa. Sindano nampeleka mimi, kuoga namuosha mimi, baridi ikija mgongo wangu ndio unaokosa blanketi, na mwenye mbwa yuko Kanyakine.