Fundi Anayetaka Mashujaa wa Kike Wanyanyue Mikono

Saa mbili kasoro asubuhi, kabla mashine za ukumbi wa chini hazijawashwa, mwanamke mmoja amekaa kwenye kiti kirefu karibu na dirisha. Ananyanyua mkono wa mwanamke mwingine, mwenye urefu wa sentimita kumi na nane. Anaunyanyua mpaka juu, anauachia, anahesabu. Mia saba na arobaini. Anaunyanyua tena.

Mkono huo ukilegea na kushuka wenyewe kabla ya kufika elfu moja, kazi ya miezi mitano inarudi mwanzo. Saa nne atakuwa mbele ya meza ya mkuu wa kalibu, na huko hakuna anayepokea bega lililolegea.

"Usiniongeleshe mpaka mia nane," anasema bila kugeuka. "Juzi mtu alinisalimia nikiwa mia sita, nikasahau, nikaanza upya. Salamu yake sijaiitikia mpaka leo."

Mwanamke anayenyanyuliwa mkono ni wa plastiki. Usoni ana miaka arobaini na ushei, nyonga pana, buti zisizo na kisigino na mvi mbili tatu juu ya sikio. Katika hadithi iliyobuniwa na kiwanda, yeye ni fundi wa minara: hupanda juu ya mji kupaka rangi na kutengeneza taa, huku wenzake tisa wa kikosi, wote wanaume, wakipigana huko chini.

Anayemnyanyua ndiye aliyembuni. Ana umri wa miaka thelathini na minane na kiwandani humwita Bi Viungo.

"Jina hili limenitesa," anasema mara baada ya mia nane. "Mtaani kuna jirani aliyehamia, akapiga hodi akitaka bizari. Nikamwambia, samahani mama, mimi nauza magoti."

Vijisanamu vya kiwanda hiki si vya watoto. Wanunuzi ni watu wazima, wakusanyaji, ambao huvipanga kwenye makabati ya vioo na kuvipiga picha vikikimbia, vikiruka au vikining'inia kwenye kamba. Kwa hiyo kinachouzwa, ukiacha sura, ni viungo. Kijisanamu kisichokunja goti hakiwezi kukimbia, na kisichokimbia hukaa nyuma ya kabati.

Kiwanda kina miili saba ya wanaume, akiwamo mzee na mwenye kitambi. Mwili wa kike ni mmoja tu, na umetumika kwa miaka kumi na mmoja. Hubadilishwa kichwa na rangi ya nguo: rubani, mpiga mishale, daktari, malkia, wote wana kiuno kimoja. Kwa vipimo vya Bi Viungo, ukimkuza mwanamke huyo afikie urefu wa mtu wa kawaida, kiuno chake kinakuwa sentimita arobaini na saba.

Mwanamume ana viungo thelathini na vinne. Mwanamke ana kumi na sita. Mkono wake ukinyanyuliwa huishia usawa wa bega. Hawezi kugusa kichwa chake mwenyewe.

Daktari mmoja wa meno, ambaye ana vijisanamu mia mbili na kumi na viwili nyumbani kwake, ameandika barua kuhusu suala hili mara nne. "Wanaume wangu wanaendesha pikipiki," anasema. "Wanawake wangu wamesimama tu, utadhani wanasubiri basi. Na hilo basi halijaja tangu nianze kukusanya."

Barua zake, pamoja na nyingine zaidi ya mia tatu, ndizo zilizofanya kiwanda kikubali kutengeneza mwili wa pili wa kike. Bi Viungo alipewa kazi hiyo. Hakupewa uhuru wote. Kiuno alikubaliwa. Magoti yenye bawaba mbili, ili fundi wa minara aweze kuchuchumaa, alikubaliwa pia, kwa shingo upande. Kilichobaki ni bega.

Anachokitaka ni kiungo kidogo kilichofichwa kifuani, chini ya mtulinga, kitakachouruhusu mkono wote kupanda juu na kupita sikio. Wanaume wote wa kikosi wanacho.

"Mtu husema bega, akidhani mkono umeanzia pale," anaeleza, akijigusa kifuani. "Mkono unaanzia hapa. Nyanyua wako polepole, utausikia mfupa unaondoka."

Hakuyajua hayo darasani. Aliyajua kwa kumshikia ngazi dada yake.

Dada huyo, aliyemzidi miaka sita, ni mpaka rangi wa majengo. Baba yao alipofariki, alishika brashi akiwa na miaka kumi na tisa, na mdogo wake akawa mshika ngazi wakati wa likizo za shule. Kutoka chini, anasema, alimwona dada yake miaka mingi kwa namna moja: kidevu juu, mkono umepita sikio, rangi ikimdondokea kwenye kope.

Bi Viungo aliingia kiwandani kama mchora macho, jozi mia tatu kwa siku, akilipwa kwa idadi. Alikaa hapo miaka mitano. Dada alipopata kazi nchi ya mbali, miaka tisa iliyopita, mshahara wa mwaka wake wa kwanza ndio uliomlipia mdogo mtu masomo ya ubunifu.

"Aliniambia, acha kuchora macho ya watu, kachonge watu wenyewe," anasema. "Akaondoka siku ya Jumanne. Alisema miaka miwili."

Hajarudi. Kwanza mkataba uliongezwa, kisha nauli ilipanda, kisha mama yao akahitaji dawa za kila mwezi. Sababu zote zilikuwa za kweli. Walizungumza kila Ijumaa, wakionana kwenye simu, mpaka miezi ishirini na miwili iliyopita dada aliposema kamera yake imeharibika. Tangu hapo zikabaki sauti.

Kwa mwili wa fundi wa minara, Bi Viungo alikuwa na kitu kimoja cha kuiga: video ya sekunde arobaini ambayo dada alijirekodi mwaka wake wa pili huko, akipaka dari la ukumbi na kuimba vibaya. Ameitazama, kwa kukadiria, mara elfu mbili. Anajua ni sekunde ipi nyonga inahama, na ipi kisigino kinaacha ubao.

Lakini video ilirekodiwa kutoka upande wa kulia. Bega la kushoto halionekani. Wiki saba zilizopita alimwomba dada atafute simu ya kuazima amwonyeshe mikono yote miwili, mara moja tu.

Dada alisema kesho. Kesho akasema amechoka. Siku ya tisa, simu iliita ikiwa na picha.

"Alikuwa amenenepa kidogo, amependeza," anasimulia Bi Viungo. "Akaanza kunitania, eti mbona wewe umezeeka, unafinyanga plastiki au unafinyangwa wewe? Tukacheka. Nikamwambia, haya, nyanyua. Akanyanyua wa kulia. Safi kabisa. Nikamwambia, na wa kushoto."

"Wa kushoto ni vilevile," dada alijibu.

"Dada, nyanyua wa kushoto."

Mkono ulipanda mpaka usawa wa kidevu, ukasimama. Kilichoendelea kupanda ni kiuno. Dada aliinama upande ili mkono uonekane umefika juu. Mtu mwingine asingeona. Bi Viungo aliona ndani ya sekunde tatu.

"Ndipo nikajua kamera haikuharibika," anasema. "Alikuwa ananikwepa mimi. Kazi yangu ni mabega. Angenificha vipi?"

Ubao wa jukwaa ulikuwa umeteleza. Dada alianguka kutoka urefu wa mita tatu, akalazwa siku kumi na moja, akarudi kazini. Dari hapaki tena. Anapaka milango, na kuta mpaka usawa wa kifua. Kutoka hapo kwenda juu wanamalizia wenzake. Ujira wake ulishuka kwa theluthi. Kiasi alichotuma nyumbani hakikupungua hata mwezi mmoja.

Alimwapisha mdogo wake kwamba mama asiambiwe.

Bi Viungo alikaa na siri hiyo siku mbili. Mama yao, mwenye miaka sabini na moja, ni mshona nguo mstaafu na ndiye anayemshonea binti yake nguo za majaribio; wiki hiyo alikuwa na ovaroli ya sentimita kumi na mbili mezani na miwani mbili usoni, moja juu ya nyingine. Mwili wa zamani hakuwahi kuupenda. "Huyu nyigu wenu," aliuita, "anakula saa ngapi?" Huu mpya aliushonea mifuko ya kweli bila kuombwa.

Siku ya tatu binti alishindwa, akasema.

"Mama hakuacha sindano," anakumbuka. "Akaniambia, nilijua. Dada yako alikuwa kila Ijumaa ananilalamikia mkono unauma kwa kazi. Ghafla akaacha kulalamika. Mtu anayefanya kazi ile halafu haumwi popote? Wewe unajua mabega, mwanangu. Mimi najua sauti."

Kwa nini hakusema? "Alitaka nisijue. Basi, sikujua."

Wiki hiyo Bi Viungo alifanya jambo ambalo hakumwambia mtu kiwandani. Alichonga bega jingine la kushoto, linaloishia usawa wa kidevu. Lilikuwa sahihi kwa milimita. Alimpiga picha fundi wa minara akiwa na bega hilo na kumtumia dada yake. Anasema aliona kwamba kumchonga akiwa mzima ni kusema uongo.

Jibu lilikuja asubuhi yake, kwa sauti, na bado amelihifadhi.

"We mtoto, una wazimu? Nimeteseka mimi, halafu unamtesa na huyo wa plastiki? Mpe mikono yake miwili. Angalau mmoja wetu apake dari."

Alilitoa bega lile na kulitia kwenye droo. Tangu hapo amekuwa akinyanyua mkono mzima, mara elfu moja kwa kila jaribio. Jaribio la leo ni la sita. Saa mbili na nusu anatamka "elfu moja", anaondoa kidole. Mkono umebaki juu. Anautazama kwa dakika nzima, kwa saa ya ukutani, kisha anafunga mkoba.

Mkuu wa kalibu ni mtu wa miaka hamsini na tisa, na ndiye anayeamua ni vipande vingapi vitachongewa kalibu, yaani chuma cha kumiminia plastiki. Hana chuki na wanawake wa plastiki wala wa kweli. Ana chuki na vipande.

"Binti yangu, hiki kiungo kina vipande vinne zaidi," anaanza. "Kukifunga ni sekunde kumi na moja kwa kila kijisanamu. Toleo la kwanza ni vijisanamu elfu tatu. Piga hesabu."

"Nimepiga, mzee. Ni saa tisa na dakika kumi. Siku moja ya kazi ya mtu mmoja."

"Siku ni siku. Na mwanamke kabatini husimama. Nani atamnyanyua mikono?"

Bi Viungo anatoa mkobani kijisanamu cha mwili wa zamani na brashi yenye urefu wa njiti ya kiberiti, anaviweka mbele yake. "Mpake rangi chini ya rafu hiyo, mzee. Wewe mwenyewe."

Mkuu anacheka, anakishika, anaingiza brashi mkononi. Anausukuma mkono juu. Unafika bega, unagoma. Anausukuma tena kidogo. Mkono unachomoka na kuviringika chini ya meza.

Anaufuata kwa magoti. Kwa muda, mtu anayeendesha kalibu zote za kiwanda anaonekana soli za viatu tu. Anapoinuka ameshika mkono wa plastiki kwa mkono mmoja na kiuno chake mwenyewe kwa mwingine.

"Nimezeeka, binti."

"Na una viungo vyote, mzee. Fikiria huyo."

Anakichukua kijisanamu kipya. Brashi inapita sikio, inagusa ubao wa chini ya rafu, inabaki hapo hata anapoachia. Anakizungusha, anakichungulia kwapani kama anayekagua tairi. Anakaa.

"Sekunde nane," anasema hatimaye. "Si kumi na moja. Punguza kipande kimoja, nakupa wiki tatu. Ukileta nane, nachonga chuma."

Bi Viungo anasema nane itawezekana. Ameshaona pini mbili zinazoweza kuwa moja. Hakumweleza mkuu habari za dada yake. "Angekubali kwa huruma," anasema akishuka ngazi, "halafu mwanamke wa tatu asingekubaliwa. Nataka mwanamke mzee kabisa, nataka mnene, nataka wa bega moja, naye awe shujaa. Siwezi kuwa na dada aliyeanguka kwa kila mmoja."

Kipande kikipungua kwa wakati, masanduku ya kwanza yatatoka baada ya miezi minane. Mkataba wa dada unaisha mwezi huohuo. Kila mbunifu hupewa sanduku moja la kazi yake, na jioni ya leo, kwa simu, Bi Viungo amemwambia dada yake kwamba lake atamtumia kwa posta.

"Usitume," dada alimjibu. "Nitalifuata mwenyewe."

Alishawahi kusema hivyo kuhusu mambo mengine, na Bi Viungo anayakumbuka yote, kila moja na mwaka wake. Hata hivyo kesho, kabla ya kugusa zile pini, atapeleka ofisini barua aliyoiandika leo, ya kuomba likizo ya mwezi mzima mkataba huo utakapoisha. Msimamizi wake ameshadokezwa, na amemuuliza ana uhakika gani kwamba dada yake atakuja.

"Nimemwambia sina," anasema. "Lakini likizo naitaka."