Mabuu wa Kijito na Gunia la Mama

Hata leo nikikumbuka gunia lile la mama, moyo unanichemka.

Mama alikuwa mpika pombe ya ulezi huku kwetu Mollo. Ulezi wa kimea hakuuloweka kwenye pipa, aliuloweka kijitoni. Gunia lilifungwa kamba kwenye mzizi, likagandamizwa na jiwe pale maji yanapokimbia kwa fujo. Ndivyo bibi alivyomfundisha, na watu walikuwa wanatoka Chanji kwa miguu kuifuata pombe hiyo.

Biashara za watu binafsi ziliporuhusiwa, jirani yetu akafungua duka la bia za chupa. Sawa, afungue, nani kamkataza? Lakini zikabaki wiki mbili tu mdogo wangu apate komunyo ya kwanza, mama kaloweka ulezi wote wa sherehe, jirani huyo akatuletea bwana afya mpaka kijitoni. Jirani akaliinua jiwe letu. Lilikuwa limejaa mabuu wadogo weusi, bapa, wamenata kabisa.

"Unaona? Funza wa chooni hawa!"

Na kweli, inzi mmoja alikuwa ametua pembeni, mdogo, mabawa yana manyoya kama nondo. Anafanana na wale wanaokaa kwenye kuta za bafu. Bwana afya hakutaka kusikia zaidi.

"Mwanangu," mama akamwambia, "hao wapo hapa tangu naolewa. Hawaishi ila maji yanapokimbia."

Bwana afya akaikata kamba. Gunia likabingirika, likapasuka kwenye mawe, ulezi wote ukaenda na maji. Mama alibaki kashika kichwa. Hata pole hakumpa!

Mimi nilikuwa darasa la sita, na nilikuwa na hasira. Nikalibeba lile jiwe mpaka nyumbani, nikaliweka kwenye beseni la maji safi, yametulia. Kesho yake mabuu wote walikuwa wamekufa. Nikampelekea bwana afya beseni hilo ofisini.

"Shikamoo. Kama hawa ni wa chooni, mbona maji yaliyotulia yamewaua?"

"Marahaba. Nenda shule."

Jamani, nenda shule! Siku ya komunyo wageni walikunywa chai ya rangi, na mama hakutoka jikoni kwa aibu.

Baada ya hapo akawa analoweka kwenye pipa nyuma ya bafu, kama bwana afya alivyomwagiza. Maji yalivunda. Ukuta mzima ukajaa inzi wa manyoya, safari hii wale wa chooni hasa. Pombe ikawa na harufu, wateja wa zamani wakaanza kupungua. Nilimwomba mama arudi kijitoni, akanikatalia.

Siku moja bwana afya akaja kukagua. Akaliona pipa, lina mfuniko, akafurahi. Akavuta kigoda, akaomba kata moja, akanywa yote.

"Sasa hii ndiyo pombe safi, mama."

Mama akaipokea ile kata, akamjazia tena mpaka juu.