Vema Kwenye Mistari Mitupu

Katika miaka kumi na tisa ya kusahihisha mitihani ya baiolojia ya sekondari, Maalim Abdulsamad hakusimamishwa hata siku moja. Wazanzibari wote wa upande ule wa London walilijua hilo, maana mkewe, Bi Ummukulthum, hakuwaacha walisahau. Maalim alipofariki, yeye, naye mwalimu wa baiolojia aliyestaafu, aliishika kazi hiyo hiyo, katika chumba kile kile cha nyumba yao ya Queensbury, mbele ya kompyuta ile ile. Kitu kimoja tu hakukigusa. Kiti cha marehemu kilibaki nyuma yake, karibu na dirisha, na yeye akikalia stuli ya jikoni.

"Mama, kiti kizima kinakaa bure na wewe mgongo unakuuma," binti yake Nusra humwambia kwa Kiingereza kila akija.

"Mgongo wangu. Kiti kina mwenyewe."

"Mwenyewe tumemzika, Mama."

"Ndiyo maana sikikalii."

Kazi yenyewe inataka utulivu. Majibu ya watoto huja kwenye skrini moja moja, bila jina wala shule. Unasoma, unatia vema juu ya kila hoja inayokubaliwa na mwongozo, kisha kompyuta inajumlisha alama. Lakini humo humo huchomekwa majibu ambayo wakubwa wameshayasahihisha, na msahihishaji hajui ni yapi. Ukipishana nao, unasimamishwa papo hapo na mkuu wako anajulishwa.

Jumatatu moja ya Juni, baada ya sala ya adhuhuri, alikuwa kwenye swali la mbatata. Kipande cha mbatata kimewekwa ndani ya maji matupu. Eleza kwa nini uzito wake umeongezeka. Alama nne.

Lilikuja jibu la mwandiko wa mviringo, wa mtoto asiye na haraka: maji yameingia ndani ya seli, na yameingia kwa osmosisi. Hoja mbili. Kisha mwandiko ukalala upande na herufi zikawa nyembamba: maji yametoka yalikojaa kwenda yalikopungua, yakipita kwenye utando unaochagua cha kupitisha. Hoja zote nne zimetimia. Saa imemkimbiza, maskini, alijisemea, akatia vema nne. Nyuma yake kiti kikatoa kwii, kidogo tu.

Skrini ikaganda. Yakaja maandishi mekundu kwamba amesimamishwa, na kwamba alama sahihi za jibu lile ni mbili.

Alivaa miwani vizuri, akalitazama tena. Mistari miwili ya mwandiko wa mviringo. Chini yake, hakuna kitu. Karatasi nyeupe mpaka mwisho, na vema zake mbili za mwisho zikining'inia peke yazo.

Simu ikalia. Alikuwa Anne, mkuu wake wa usahihishaji, aliyekuwa mkuu wa Maalim kabla yake.

"Ummu, umenishtua. Nyumba yako haijawahi kuingia kwenye orodha yangu nyekundu. Nne kwa jibu la mbili! Paka kapita juu ya kibodi?"

"Sina paka."

"Basi kidole kimeteleza. Sema kimeteleza, nikufungulie sasa hivi. Hakuna atakayejua."

Neno moja tu, na miaka kumi na tisa ya Maalim ingebaki safi. Bila neno hilo, aliwaona wanawake kwenye hitima kule mtaa wa Rayners Lane wakiinamiana juu ya vikombe vya chai: mjane wa Maalim siku hizi anasoma visivyoandikwa. Ulimi ulishaanza kulitoa. Kisha akaukumbuka ule mwandiko uliolala upande. Aliujua. Ndio ulioandika barua ya posa yake, na mpaka mwaka ule wa mwisho ndio ulioandika orodha ya vitu vya dukani.

"Anne, leo nimetoa nne ngapi?"

"Kumi na moja. Nyingi kidogo, lakini..."

"Fungua moja."

Anne akafungua. "Hii ina hoja tatu. Vema yako ya nne iko chini, mahali patupu. Imekaa sawasawa juu ya mstari." Akafungua nyingine, na sauti ikapungua. "Hii nayo. Ummu, unaona nini huko?"

"Kidole hakikuteleza," alisema Bi Ummukulthum. "Niliyosahihisha leo yote yasahihishwe upya na mtu mwingine. Na uandike kwamba kosa ni langu."

"Jina litaingia kwenye rekodi. Jina lenu."

"Liingie. Watoto kumi na mmoja wamebeba alama ambazo pengine si zao. Wenzao hawakuwa na wa kuwaongezea."

Siku ya tatu walimpa majibu kumi ya majaribio, akayapata yote, wakamrudisha kazini. Kabla ya kuanza alifungua mtoto wa meza, akatoa rula ya mbao ya marehemu.

Jibu la tatu lilikuja na mistari miwili. Alipokuwa akiusoma wa pili, chini yake herufi zikaanza kuchipua, nyembamba, zimelala upande, polepole, kama za mtu anayefikiri huku akiandika. Akaiweka rula juu ya skrini, chini ya neno la mwisho la mtoto, akasoma yaliyo juu yake tu. Maalim mwenyewe ndiye aliyemfundisha: mpe mtoto alichoandika, usimpe unachokijua wewe.

"Mbili, Maalim," alisema bila kugeuka. "Na wewe ungempa mbili."

Kiti kikalia kwii, ndefu safari hii, kama kinavyolia mtu mzito akiinuka. Hakugeuka. Alithibitisha mbili zake, na skrini haikuganda. Likaja jibu jingine, na chini ya maneno ya mtoto palibaki peupe.

Alasiri Nusra aliingia na mfuko wa ndizi kutoka Kingsbury, akasimama mlangoni.

"Mama! Leo umekikalia?"

"Mwenyewe kaondoka," alisema Bi Ummukulthum, akaegemea. Mto wa kiti ulikuwa bado una joto.