Kitabu cha Kamba ya Nguo

Studioni, kitabu cha mtu anayesimulia maisha yake na kumwaga mtama penye kuku wengi kiliitwa "kamba ya nguo", maana mwenyewe huanika kila kitu, mpaka za ndani. Msomaji alivipenda vitabu hivyo. Kazi yake ilikuwa kuwasomea wasioona, na alikuwa na kiburi kimoja: hapitii kitabu kabla ya kurekodi. "Nikijua yaliyo mbele, sauti inachacha," alisema. Fundi mitambo alimshauri mpaka akachoka.

Asubuhi ile kamba ilikuwa ya mwanamuziki mstaafu, mzee asiye na haya hata chembe. Msomaji alicheka naye sura mbili nzima. Katika ya tatu akaingia mke wa fundi saa, mwenye kovu la pasi kiwikoni, aliyemfuata mzee nyuma ya ukumbi wakati mumewe yuko kazini. "Nikamwachia mimba," mzee aliandika, "na fundi saa akalea bila kujua."

Kovu lile msomaji alilijua. Lilikuwa la marehemu mama yake.

"Endelea, dada," fundi mitambo akasema kutoka upande wa pili wa kioo. "Mbona kimya?"

Aliaga kwamba anaumwa, akaondoka. Kukataa kusoma kusingesaidia: kitabu kilikwisha kutoka, na midomo ya watu haina kufuli. Baba yake, yule fundi saa, sasa haoni, na ndiye aliyesikiliza kila alichorekodi. Aibu angeivumilia. Kumkosa baba asingeweza.

Alimkuta sebuleni, akampigia magoti.

"Baba, leo kuna kamba ya nguo. Na sisi tumeanikwa."

Akamweleza yote.

"Mama yako aliniambia mwenyewe," baba akasema, "wewe ukiwa bado tumboni. Nilikasirika, usidhani sikukasirika. Kisha ukazaliwa. Kitanda hakizai haramu, mwanangu."

"Majirani watajua, baba."

"Watajua nini? Kwamba nina binti?" Akaupapasa mkono wake, akaushika. "Nenda kasome. Ila hapo aliposema 'bila kujua' usikimbie. Nataka nicheke vizuri."

Kesho yake aliisoma sura ya tatu bila kukwama, na alipofika penye maneno yale mawili akapunguza mwendo.